Wimbi la Nne Nililokataa Kulizika

Ninyi wenzangu wa benchi la kahawa pale Kihonda mmeniuliza habari za Tabora kila mnaponiona, na kila mara nimewajibu "nzuri" kisha nikatafuta njia ya kupita. Nzuri haikuwa. Nimeona niwaandikie mara moja, msome mkiwa wote, ili nisilazimike kusimulia huku mnanitazama usoni. Mambo ya ruhusa na tiketi nayaacha, hayana raha kwa msomaji. Nitawapitisha njia yenyewe mpaka pale nilipompaka matope mtu aliyenifundisha karibu kila ninachojua.

Kinole

Nilianzia kwa mama, huko milimani, maana sikuwahi kusafiri mbali bila kumuaga. Nilimkuta anaanika mdalasini kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza ninakwenda kufundisha nini huko Tabora.

"Mawimbi, mama."

"Tabora kuna bahari?"

Nikacheka, nikamweleza kwamba haya ni mawimbi ya mvutano. Vitu vizito mno vikizungukana au kugongana huko juu mbinguni, vinatoa mtikisiko unaopita katika kila kitu, hata katika mlima aliokalia yeye, ila ni mdogo kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuunasa. Mitambo ya kuunasa ndiyo kwanza inajengwa ughaibuni.

"Kama hakuna aliyeunasa, wewe umeujuaje?"

"Kwa hesabu."

"Haya, hesabu vizuri basi," akasema, akarudi kwenye mdalasini wake.

Alinifungia mananasi kwenye tenga, makubwa, yale yanayonukia kabla hujayakata. Nikateremka nayo kwenye pikapu ya wachuuzi wa ndizi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo, na penye kona za utelezi abiria wote tulishuka tukasukuma. Nilifika mjini na matope mpaka magotini lakini nina furaha, na kichwa kimevimba. Nilikuwa nikijiona tayari nimesimama mbele ya watu Tabora.

Kihonda

Dakta Luhende mnamjua kwa kumwona: yule mzee mrefu wa fimbo anayekaa nyuma ya kile kiwanda kilichofungwa. Msichokijua ni kwamba kule chuoni ana kidarasa chake cha nadharia ya mvutano, wanafunzi tusiojaza hata meza moja. Mimi nilikuwa nikifundisha sekondari asubuhi, mchana nakwenda kwake. Sasa hivi vyuo navyo vimeingia sokoni kama maduka. Wakubwa walikuwa wanataka kukifunga kidarasa hicho waweke kozi za biashara na kompyuta. Mkutano wa Tabora wa walimu wa fizikia na hesabu ndio ungetoa maoni kama kibaki au kife. Mguu wa Dakta ulikuwa umevimba, hawezi kukaa safarini. Akanituma mimi.

Yeye ni Mnyamwezi, mimi ni Mluguru, na mnajua hao ni watani. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniita Rajabu. Aliniita nyani wa milimani, mla ndizi, na majina mengine ambayo siyaandiki. Mimi nami nilimwita mpagazi, mbeba mizigo ya misafara. Hata kosa la hesabu alinionyesha kwa matusi, na nikitoka kwake alikuwa ananifukuza kwa fimbo mpaka mlangoni, watoto wa jirani wanacheka. Sikuwahi kumwona akimfanyia hivyo mwanafunzi mwingine.

Hapa lazima niwaeleze kidogo ninachokisomea, maana ndipo penye kisa. Chukueni watu wakae kwenye duara, na wimbi lipite katikati ya duara hilo kama mshale. Nadharia kongwe ya mvutano, inayofundishwa kote, inasema wimbi litalitikisa duara kwa namna mbili tu. Ya kwanza, duara linabanwa ubavuni huku linarefuka juu na chini, kisha kinyume chake. Ya pili ni hiyohiyo ila imekaa mshazari. Lakini wako wanaoirekebisha nadharia hiyo, na katika nadharia zao huongezeka namna nyingine. Duara zima linaweza kupanuka na kusinyaa, kama kifua kinachopumua. Au watu wanaweza kusukumwa mbele na nyuma, kufuata njia linayopita wimbi. Anayejenga mtego wa kunasa mawimbi anahitaji kujua ategee namna ngapi. Mimi niliichukua nadharia mojawapo iliyorekebishwa, nikaifanyia kazi mwaka mzima, nikatoka na jibu: mawimbi manne yaliyo huru, kila moja na lake: yale mawili ya kale, la tatu la kupumua, na la nne la kusukuma mbele na nyuma. Wimbi la nne nilikuwa nalipenda kama mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Siku ya kuondoka Dakta aliniangalia nikifunga karatasi zangu, akasema, "Mluguru, hilo wimbi lako la nne ni maiti. Lizike Dumila njiani, lisije likanuka Tabora."

Nikamjibu, "Ninyi mlizoea kubeba mizigo, kuhesabu mlifundishwa lini?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akasema tena, taratibu, "Lizike, mtani." Nami nikaendelea kucheka peke yangu, nikabeba tenga langu nikatoka. Safari hiyo hakunifukuza kwa fimbo. Nilidhani ni kwa sababu ya mguu.

Dumila

Reli ilikuwa imesombwa na maji mbele ya Kilosa, kwa hiyo ilibidi tufike Dodoma kwa basi ndipo tupande treni. Lilikuwa basi jipya la mtu binafsi, lina video, na kuanzia Kihonda tulitazama watu wakipigana mateke bila kuelewa walichogombania. Mkanda wa feni ukakatikia Dumila. Utingo akasema dakika chache. Jua likapanda mpaka likawa utosini, na tukawa tumeshakula wali na maharage, tumeshakula mahindi ya kuchoma, na akina mama wa vitunguu wameshatuzoea hata hawatuuzii tena.

Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Mihayo, mfanyabiashara wa asali anayerudi kwao Tabora. Aliniuliza kabila langu, nikamtajia. Akasimama, akasogea kwenye tenga langu bila kusema neno, akalifungua, akaanza kuwagawia abiria mananasi yangu.

"Kuleni, kuleni! Mtumwa wangu ameniletea kutoka milimani!"

Mama mmoja muuza mitumba, abiria mwenzetu, hakujua mambo hayo ya utani. Akaona mimi nimekaa kimya, akamwambia kwa hasira, "Baba, huoni aibu kumnyang'anya kijana wa watu?"

"Mwache, mama," nikamwambia. "Huyu ni mtani wangu. Nikikasirika, kosa ni langu."

Nilibakiwa na nanasi moja, nalo nilililalia kama kuku anavyolalia yai. Lakini roho ilikuwa safi. Wakaniuliza ninakwenda kufanya nini, nami sikuhitaji kubembelezwa. Nikawapanga kwenye duara pale kando ya barabara, abiria na wauza vitunguu pamoja, Mzee Mihayo kinara, nikaanza kuwaendesha. Wa ubavuni ingieni ndani, wa juu na chini tokeni nje! Geuzeni! Sasa mshazari! Sasa wote ndani, wote nje, pumueni! Sasa wote mbele, wote nyuma! Mama wa mitumba alikuwa anarukaruka na kanga yake kiunoni, na wimbi la nne ndilo lililopigiwa makofi kuliko yote.

Mgambo akatokea na filimbi. Tangu vyama vingi viruhusiwe juzijuzi hapa kila mkusanyiko unatiliwa shaka, naye alikuwa ameona umati, mtu mmoja anaamrisha, wengine wanarudi nyuma na kwenda mbele.

"Chama gani hiki? Kibali kiko wapi?"

"Si chama, afande," nikamwambia. "Ni fizikia."

"Hicho hakijasajiliwa," akasema, akanishika mkono. Kidogo nipelekwe ofisini, kama si Mzee Mihayo kumwambia kwamba mimi ni Mluguru nimeshiba nanasi, ninacheza ngoma ya kwetu. Mgambo akaniachia. Tulicheka mpaka basi lilipowaka, na nikapanda nikijisikia mtu mkubwa. Nimepita Dumila, na maiti yangu sijaizika. Nimeichezesha ngoma.

Dodoma hadi Saranda

Treni ilichelewa hata ikatuondoa Dodoma asubuhi badala ya jioni iliyotangulia. Mzee Mihayo alikuja akakaa kiti kinachoelekeana na changu, akiendelea kunitukana kwa mambo madogomadogo. Kabla ya Saranda akaacha matusi, akatazama dirishani, akaanza kunisimulia msiba wa kaka yake. Marehemu alikuwa na mke wa pili ambaye ukoo ulimficha, na wakati wa mazishi ndugu wote walijifanya hamnazo. Mtani wao, Mgogo mmoja, ndiye aliyesimama penye kaburi akapiga kelele kwamba maiti haingii mpaka yule mke aitwe. Watu wakacheka. Kisha wakaenda wakamwita.

"Angesema ndugu, tungepigana," akasema. "Mtani tukamcheka tu, lakini tukafanya alivyosema. Si ndiyo kazi yake?"

Nikasema ndiyo. Na hapo nikasikia upya sauti ya Dakta ile mara ya pili, ya taratibu, isiyo na kicheko.

Nikatoa karatasi zangu. Sikuwa na haja ya kutafuta sana. Mtu ukishajua kosa liko wapi linakutazama. Katika nadharia niliyoichukua, kitu kinachoongezwa ni kimoja tu. Kitu hicho kikipita kinalipumuisha duara na papo hapo kinalisukuma mbele na nyuma. Kule kupumua na kule kusukuma haviachani. Ni mchezaji mmoja mwenye hatua mbili, na mimi nilimhesabu mara mbili kwa kuwa nilimtazama kwanza mbele kisha ubavuni. Mawimbi huru ni matatu. Pale Dumila watu walewale ndio waliopumua na ndio waliosukumwa, nami nilisimama katikati nikiamrisha bila kuona.

Treni ikasimama Saranda. Kila mtu akakimbilia kuku wa kukaanga madirishani. Mzee Mihayo alininunulia paja, akaning'ang'aniza nile. Nilikuwa na muda wa kutosha kabla ya Tabora kufuta ukurasa mmoja na kuandika "matatu". Ni ukurasa mmoja tu! Mazungumzo yangu yangekuwa mafupi zaidi na ya kweli. Lakini nilikumbuka makofi, nikakumbuka mwaka mzima, nikajiambia kwamba huenda nimechoka, kwamba labda Dakta alikuwa anatania tu. Nikazirudisha karatasi kwenye mkoba kama zilivyokuwa. Nikala kuku.

Nawaambia wazi: kukosea hesabu hakunisumbui sana. Wakosaji ni wengi. Kinachonichoma ni lile paja la kuku, namna nilivyolila lote huku najua.

Tabora

Mkutano ulikuwa katika bwalo la shule, na wageni walipokelewa kwa chai na asali. Watu walinisikiliza vizuri. Nilieleza duara, nikaeleza wimbi la kwanza na la pili, na la tatu. Nilipofika la nne sauti yangu ikapanda yenyewe, kama ya mtu anayeuza kitu kibovu.

Mama mmoja profesa, aliyekuja kutoka mbali na aliyekuwa akitabasamu muda wote, akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote.

"Ahsante, mwanangu. Nisaidie kitu kimoja. Hilo la tatu ukilizima, hilo la nne linabaki peke yake?"

Jibu nilikuwa nalo tangu Saranda. Nilitakiwa kusema, "Halibaki, mama. Nilihesabu vibaya, na mwalimu wangu alinionya." Angetabasamu tena, na Dakta Luhende angeonekana ni mwalimu wa namna gani.

Nikasema, "Halibaki."

"Kwa hiyo ni mangapi?"

Bwalo zima likaningoja. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hesabu hiyo ya manne nilielekezwa na Dakta Luhende mwenyewe. Mimi nilikuwa na shaka."

Ndugu zangu, sikulazimishwa na mtu. Lilitoka laini, kana kwamba nilikuwa nimelitayarisha. Mwenyekiti wa mkutano akatikisa kichwa akasema, "Luhende naye amechoka sasa, mguu umepanda kichwani," na watu wakacheka. Haukuwa utani, maana mwenyekiti hakuwa mtani wake na Dakta hakuwapo kumjibu. Na mimi nilitabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini usoni nilikuwa ninatabasamu.

Kabla ya kufunga mkutano walisoma maoni yao. Kidarasa cha mvutano cha Morogoro kisiendelee, kwa kuwa mwongozo wake hauaminiki tena.

Mzee Mihayo hakujua lolote la bwaloni; njiani nilikuwa nimemwambia tu kwamba mwalimu wangu ni Mnyamwezi. Alinichukua nyumbani kwake, mkewe akanipikia ugali na karanga, na wakati wa kuaga akanipa mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa, ambavyo Mnyamwezi aliye mbali na kwao akivinusa tu anatokwa na machozi.

"Mpelekee huyo mwalimu wako, Mnyamwezi mwenzangu. Atakunyang'anya kabla hujasema hodi, na atakutukana huku anatafuna."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Sikuweza kumtazama.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na ucheleweshaji wowote ila wangu mwenyewe. Treni iliwahi, basi lilikuwapo. Mimi ndiye niliyelala Dodoma bila sababu, nikashuka Dumila bila sababu, nikakaa penye mabanda ya vitunguu mpaka yule mgambo wa filimbi akanitambua akaniuliza kama leo nina kibali. Nikamwambia leo sina hata chama. Nilichokuwa nangoja sijui. Nadhani nilitaka mtu mwingine amwambie Dakta kabla yangu, na nikapata nilichotaka, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameshapiga simu chuoni.

Kwanza nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikamweleza ukweli wote, kwamba manne yalikuwa yangu na Dakta alinikataza. Alinisikiliza huku anasaini mambo yake. Akasema nimefanya vizuri kusema, lakini chumba kimeshapangiwa kompyuta.

Kisha nikaenda nyuma ya kiwanda. Nilipiga hodi nikiwa nimejiandaa kwa fimbo. Wallahi niliitamani. Nilitaka anikimbize Kihonda nzima.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Karibu, Mwalimu Rajabu," akasema. "Pole na safari."

Sikujua nifanye nini. Nikamwambia, "Shikamoo, mpagazi."

"Marahaba. Karibu kiti."

Mkewe akaleta chai, akaiweka kwenye vikombe vya wageni. Nikampa mfuko wa matobolwa. Aliufungua, akanusa, na kwa muda mfupi niliona uso wake unalegea. Kisha akaufunga akamkabidhi mkewe.

"Ahsante sana. Usingejisumbua, mzigo wenyewe mzito."

Hapo alikuwa ameniachia mlango wa utani wazi, na mtoto mdogo angejua pa kupita. "Tangu lini Mnyamwezi akaogopa mzigo?" nikasema.

"Ni kweli," akajibu kwa upole, "watu wa kwetu walibeba sana."

Nikaweka kikombe chini nikasema yote: Saranda, kuku, swali la yule mama, uongo wangu, na tabasamu langu. Nikamwambia nimekwishasema ukweli chuoni. Nikamwomba radhi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

"Nimesikia, Mwalimu. Yamepita."

"Nitukane basi, mtani. Hata kidogo."

Sikuona hasira machoni mwake. Alinitazama kama anavyomtazama mzazi wa mwanafunzi aliyekuja kuuliza matokeo. "Mambo hayo tunawafanyia watu wetu," akasema, tena bila ukali, kama anayenielewesha kitu nisichokijua.

Nilipoaga alichukua fimbo yake. Nikajiweka tayari kukimbia. Lakini aliichukua ili aiegemee, na kwa mguu ule mbovu akanisindikiza hadi barabarani, hatua kwa hatua, kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima, akiniuliza hali ya barabara na hali ya mvua huko nilikotoka. Watoto wa jirani walitoka mbio wakajipanga wakingoja kucheka. Wakaona tunatembea taratibu, wakarudi ndani.

Barabarani alinipa mkono.

"Msalimie mama yako, Mwalimu," akasema.